Mishale Iliyoganda Mawinguni

Mniwie radhi. Hadithi hii ilihitaji msimulizi mwenye sauti ya kaburini, nami nimejaliwa ya bawaba iliyokosa mafuta. Mtaimeza hivyo hivyo.

Jioni hiyo Rubani aliruka na hasira nyingi kuliko mafuta. Mchana alikuwa amemtimua Fundi uwanjani, akidai anaiosha ndege kama anayeogesha kichanga. Akamnyang'anya ndoo, akamaliza mwenyewe.  Fundi alisema tu kwamba huko juu Rubani mwenyewe atamwita.

Nyuma, kwenye machela, alilala dada yake Rubani. Uchungu umemshika, mtoto kakaa vibaya, na daktari wa kumpasua yuko ng'ambo ya milima.

Wakaingia mawinguni. Weupe... kisha kijivu.

Mshale wa geji ya kimo cha ndege ulikuwa umeganda. Ndege inapanda, mshale unasema bado wako uwanjani. Wa kasi nao ukaanza kushuka... ukashuka... kana kwamba ndege inakata roho. Rubani akasonya, akainamisha pua ya ndege apate mwendo, huku akimtukana Fundi, baba yake Fundi, na mganga aliyewapa ndumba. Kamloga, hakuna lingine.

"Kaka," dada alinong'ona katikati ya maumivu, "si umgombeze mkifika? Mbona umemleta?"

"Nani?"

"Fundi wako. Huyo aliyekaa pembeni yako."

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Lakini kilinuka grisi.

Kisha sauti ndani ya hedifoni, taratibu, kama ya mtu aliyechoka kutukanwa: "Vunja kioo."

Rubani aligoma. Amtii mchawi? Kidogo hasira yake iue watu watatu, mmoja hata hajazaliwa. Dada akapiga ukelele. Ndipo akanyakua tochi, akakipiga kioo cha geji ya kupanda na kushuka.

Kacha.

Hewa ya ndani ikapenya kwenye mirija ya geji zote. Mishale ikakurupuka kama walevi waliomwagiwa maji, ikasema kweli: walikuwa wanaporomoka kuelekea mlimani. Akavuta usukani kwa nguvu zote. Chini ya tumbo la ndege vilele vya miti vikapita...

Shaaa.

Walitua. Mtoto akatolewa salama. Rubani akaizunguka ndege, akakuta vitundu vya ubavuni, ambavyo geji hupumulia, vimezibwa kwa utepe. Mkono wake uliovunja kioo haukuwa na mchubuko hata mmoja, na aliulinda kwa ajili ya uso wa Fundi.

Kesho yake aliporudi, alikwenda nyumbani kwa Fundi moja kwa moja, utepe mkono mmoja, ngumi mkono wa pili.

Fundi alifungua mlango. Kiganja chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, damu bado inalowesha. Mezani, ndani ya kisosi, vipande vya kioo. Alisema jana jioni alisinzia kitini, akaamka hivyo. Zaidi ya hapo hajui, na hataki kujua.

Rubani akamuuliza kwa nini alitaka kumuua.

"Vitundu huzibwa maji ya kuoshea yasiingie," Fundi alisema. "Anayemaliza kuosha ndiye anayebandua. Sasa niambie, nani alimaliza?"

 Rubani akaikunjua ngumi, akaikamata kola ya shati lake mwenyewe.

"Nimemshika mchawi," alisema. "Leta kamba."