Panya wa Masikio Mekundu

"Korosho iliyooza itupwe kabla ya saa kumi. Umenipata?"

"Nimekupata."

Kasiani akazima redio ya upepo. Akajaza risasi saba kwenye bastola yake, Walther.

Korosho iliyooza ni mtu. Celeste, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Kichwani mwake ndimo ilimokuwa njia pekee ya kupita salama katikati ya mabomu waliyofukia Wareno. Haikuandikwa popote. Saa kumi jioni angevusha wapigania uhuru arobaini. Jana, kwenye majaribio, alikosea njia mara tatu.

Wakubwa wa Dar walishaamua. Msaliti, kama Bwanali.

Mwezi uliopita Bwanali aliwaingiza watu kumi na mmoja kwenye mabomu. Yeye akarudi mzima, analia. "Njia imenitoka kichwani, kaka. Wallahi imenitoka."

Kasiani alimpiga risasi kwa mkono wake, nyuma ya ghala, Mpapura.

Ilikuwa Agosti 1971. Land Rover ikatimua vumbi la Ziwani kuelekea kambi ya Kilambo.

Mara mtu katikati ya barabara, kapanua mikono. Breki! Alikuwa Lukasi, mtega panya, mpasha habari wake wa siku nyingi. Mkononi ana panya mfu.

"Shikamoo mzee. Toka njiani, nina haraka."

"Marahaba. Mtazame huyu kwanza."

"Leo sili panya."

"Nani kakukaribisha? Tazama mkia!"

Mkia nusu. Sikio limepakwa rangi nyekundu.

"Mtego wangu ulimkata mkia jana, akaponyoka. Leo kajileta mtego uleule, shimo lilelile! Nategesha tangu nina meno ya utoto. Panya aliyeponyoka harudi, hata umwekee mhogo wa kuchoma. Na huyu ni wa nne. Wote masikio mekundu, wote wametoroka kwa Dokta Reimann, yule Mzungu anayejiita mtafiti wa tauni. Mimi ndiye ninayemuuzia."

"Panya mjinga. Sasa?"

"Mjinga wewe. Huyu kasahaulishwa. Mpishi wa dokta anasema huwanywesha vidonge vya kutuliza mwasho. Vilevile anavyogawa kambini Kilambo."

Kasiani akakumbuka.

Bwanali alikuwa na upele. Hata alipopigishwa magoti alikuwa anajikuna.

Gari likageuzwa.

Mlango wa dokta uliruka kwa teke moja. Sakafuni kulikuwa na vichochoro vya mbao, mwishoni karanga. Panya asiye na rangi alikwenda moja kwa moja, akala. Wa sikio jekundu aligonga pua ukutani, akarudi, akagonga palepale.

Dokta Reimann akapeleka mkono kwenye droo.

Paa!

Mkono ukaning'inia. Mzungu akacheka.

"Mwilini kuna kitu kinaitwa histamini. Kwenye ngozi kinakuwasha. Kwenye ubongo kinakuamsha. Ukikizima kwa dozi kubwa, panya anasahau alichojifunza jana. Mtu pia."

"Bwanali?"

"Vidonge sita kwa siku, kwa fedha ya Wareno. Kazi iliyobaki mlinimalizia nyinyi wenyewe."

Mkono wake mzima ukaibuka na bastola.

Alichelewa; Walther ililia kwanza.

Kasiani akatia chupa ya vidonge mfukoni, akarudi garini, akashika redio. "Korosho ni nzima. Futa amri. Asivuke mtu."

"Nani kakuruhusu?"

"Panya."

Akakata.

Kilambo, Celeste alikaa kwenye mchanga wa mto, anajikuna kiwiko. Pembeni yake vidonge kwenye kikaratasi.

"Nitajie njia, dada."

"Kisiki. Hatua thelathini kulia. Halafu..." Akachora mchangani kwa kidole, akafuta. "Halafu... Juzi nilikuwa naijua, kaka!"

"Vidonge hivyo ndivyo vinavyokuibia. Vitupe. Wenzako watasubiri mpaka ikurudie."

Celeste akaiona bastola kiunoni. "Ulikuja kuniua?"

"Ndiyo."

Kasiani akashuka majini, akafungua chupa. Vidonge vyeupe, vidogo, vimejaa mpaka shingoni. Labda kumeza vinane kungetosha, na Bwanali naye angemtoka kichwani.

Akavimwaga vyote Ruvuma.

Akawasha sigara, Sportsman. Akatembea taratibu hadi kwenye Land Rover, wala hakugeuka. Redio ilikuwa inaita. Akaizima.

Mpapura kulikuwa na mama mmoja ambaye majirani hawamsalimii, kwa sababu kazaa msaliti. Jua halijazama. Angemkuta bado nje, anapepeta.