Zamu za Manyok

Rafiki yangu Ethuro, karani wa Lodwar, alitengeneza jedwali la kompyuta lijumlishe lenyewe mishahara ya walinzi wa ghala Kakuma. Kila zamu iliyovuka usiku wa manane ikahesabiwa sifuri. Aliliona kosa, akanyamaza kwa kuwa bosi alishamsifu. Hata mimi ningenyamaza, Mungu atusamehe.

Manyok, mlinzi wa zamu za usiku, akafa kwa homa, hana hela ya dawa. Mazikoni, mjane wake Amou alimshika Ethuro mkono. "Karani, zamu ulizomfutia mume wangu utazilinda wewe."

Jioni ile, kwake Lodwar, Ethuro alifumba macho kidogo tu. Akasikia geti la mabati likigongwa gizani, na nyumba yake haina geti. Alipofumbua, kumekucha, naye amesimama nje ya mlango wake.

"Baba Ekai, ulilala kwa nani?" mkewe akafoka.

Miguuni alivaa buti alizozikwa nazo Manyok, bado zina joto.