Mlinzi wa Mila Yuko Hewani

Alhamisi soko la shanga la Koforidua hufurika mpaka mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayetakiwa kuomba radhi. Ilikuwa Alhamisi ya namna hiyo, vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, limewapasua watu midomo, Nyarko alipoinama mbele ya meza ya Birago, akaokota uzi wa shanga za njano na kuuliza bei.

"Sedi sitini," Birago alisema bila kuinua macho.

"Sitini? Dada, hizi ni shanga au meno ya mfalme? Mtoto wa dada yangu anapewa jina Jumamosi, hatawazwi."

Hapo Birago akainua macho. Hakuwa anaitazama batiki ya mteja iliyopigwa pasi vizuri, wala ule weusi wa mafuta ya mashine kwenye kucha. Alikuwa anasikiliza.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema 'wananchi wenzangu'."

Nyarko akaona haya, akakohoa. "Wananchi wenzangu, habari za asubuhi."

"Ni wewe," alisema Birago, na tabasamu likamtoka bila kulikusudia. "Wewe ndiye Mlinzi wa Mila. Mimi nilidhani ni mzee mwenye kitambi."

"Na mimi nilidhani wauza shanga ni watu wa huruma. Nipe kwa arobaini."

"Kwa sauti hiyo? Hamsini, na usiniambie wananchi wenzangu tena, nisije nikakupa bure."

Kila asubuhi baada ya taarifa ya habari, redio ya mji ilifungua simu, na waliopiga kila siku walijulikana kuliko madiwani. Nyarko, fundi cherehani wa mtaa wa Srodae, ndiye aliyewashinda wote. Alizilaani spika za makanisa zisizowaacha wagonjwa walale. Aliyalaani matanga ya kujionyesha, watoto wapitao wakubwa bila salamu, vijana wanaojificha siku ya kusafisha mitaro. Madereva wa teksi waliongeza sauti akiingia. Na tuseme kweli, mengi aliyosema yalikuwa ya haki. Kabla hajaanza kupiga simu, hata wateja wake walimwita "fundi" tu, kwa kuwa hawakujali kumuuliza jina.

Mapenzi yalianza kwa simu, na yakakomaa kwa simu.

"Umekula nini, mahabubu?"

"Fufu na mchuzi wa karanga. Mama kakutengea bakuli lako, eti Mlinzi wa Mila asilale njaa."

"Mama ananipenda kuliko wewe."

"Mama anaipenda redio. Mimi nakuvumilia tu."

Mama Konadu, mamake Birago, alikuwa mjane wa siku nyingi. Alikaanga maandazi alfajiri, redio ndogo ikiwa juu ya gunia la unga, na Nyarko akisema jambo zuri alilipigia meza kwa mwiko. Siku alipojua kwamba mkwe mtarajiwa ni yule yule wa hewani, alivaa kitenge chake cha kanisani akiwa jikoni.

Wakapanga siku ya kubisha hodi, yaani ya posa. Jumamosi wazee wa Nyarko wangekuja na chupa mbili za kinywaji, wakiongozwa na Mjomba Twumasi, kaka wa mamake. Kwa watu wa pale mjomba ndiye neno la mwisho. Mjomba huyu alikuwa na hodi nyingine moyoni: alitaka mpwa wake agombee udiwani.

"Mji umechoka na wasomi wa Akra," alimwambia. "Wanataka mtu wa mila. Wazee wamelikubali jina lako."

Jumanne ya wiki ile ile, redio ikaleta mada. Kina mama fulani walikuwa wamewaomba machifu wapunguze ule mwaka mzima wa mjane kuvaa nyeusi na kukaa ndani. Nyarko akapiga simu. Alikuwa na moto siku hiyo, na moto huo ukatafuta kuni.

"Wananchi wenzangu, kuna nyumba hapa hapa mjini. Mama alivua nguo nyeusi hata arobaini haijaisha, akaenda sokoni kuuza nyanya. Nyumba kama ile mimi siwezi kupeleka kinywaji changu. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Teksi zikapiga honi mji mzima. Kisa hicho alikisikia kwa Mjomba Twumasi tangu utotoni, na hakikuwa na jina. Hakuwahi kuuliza.

Simu ya Birago ikaingia hata hajaiweka yake chini.

"Unamjua yule mama?"

"Yupi, mpenzi? Ni hadithi tu ya Mjomba."

"Ni mama yangu, Nyarko. Kabla ya maandazi aliuza nyanya."

Nyarko akakaa juu ya sanduku la sindano.

"Baba alipokufa, ndugu zake walichukua vyumba vyote siku ya nane. Tulikuwa watoto wanne. Angekaa ndani mwaka mzima, tungekula hiyo nguo nyeusi?"

"Birago, wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingesema. Ndiyo inayoniuma: angekuwa mama wa mtu mwingine ungelala vizuri."

Kesho yake alikwenda kwa Mama Konadu, akapiga magoti uani, mbele ya karai la mafuta. Mama akamwinua kwa mkono wenye unga.

"Inuka, mwanangu. Mimi nimekusamehe. Lakini hukunitukana hapa uani. Ulinitukana hewani, mji mzima unasikia. Asubuhi ya leo wateja wangu wa miaka wamepita wakitazama upande wa pili."

"Nifanye nini, Mama?"

"Kaka yangu ndiye atakayepokea hodi yako. Amesema kinywaji chako hakiguswi mpaka uliondoe neno lako pale pale ulipolisemea. Basi. Hatutaki kingine."

"Kesho asubuhi," alisema Nyarko. Alimaanisha, na hilo tumwandikie kwa upande wa mema.

Jioni wakaongea tena, na sauti ya Birago ilikuwa imelainika.

"Utasemaje?"

"Nitasema nilikosea. Kwamba yule mama aliwalisha wanawe, na kwamba nampenda binti yake."

"Hilo la mwisho liache, madereva watagonga miti kwa kicheko."

"Wagonge. Utavaa nini Jumamosi?"

"Nguo. Ulitakaje?" Akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumanne. "Ile blauzi yangu ya kaba, ya bluu. Na shanga za njano kiunoni, ila hizo hutaziona mpaka ndoa."

Lakini mji mdogo hauna siri. Alhamisi Nyarko alipofungua karakana, Mjomba Twumasi alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi.

"Nasikia unataka kujikana hewani."

"Nilikosea, Mjomba."

"Najua ulikosea. Nani hakosei? Mtu mzima hukosea akanyamaza. Ukijirudi leo, kesho kila ulilosema litaulizwa. Mke utapata mwingine. Jina je?"

"Mjomba, wewe ulijua ni nani yule mama?"

"Mji mzima ulijua. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa hujui." Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Sokoni, redio zote zilikuwa wazi. Mama Konadu alikuwa ameacha maandazi yake siku hiyo, akaja kukaa kando ya meza ya bintiye, amevaa nyeupe ya kanisani. Majirani wa meza walijua wanachongoja. Kelele za bei zilipungua.

"Wananchi wenzangu, habari za asubuhi."

Birago akaushika mkono wa mamake.

"Mlinzi wa Mila!" mtangazaji akafurahi. "Tangu Jumanne simu hazikomi, ndugu yangu. Wote wanasema ulisema kweli tupu. Leo una neno gani?"

Katika karakana Nyarko alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, tayari. Mlangoni madereva wawili walikuwa wamesimama wakimtazama kwa fahari, na mmoja wao alikuwa amemletea chai. Hakuwahi kuletewa chai na mtu maishani mwake.

"Leo," akasema, "leo nataka kuzungumzia... mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi wanaozurura barabarani. Wananchi wenzangu, mbuzi wa mji huu wana uhuru kuliko sisi..."

Na alisema vizuri. Mtangazaji alicheka, soko likacheka, hata wale waliojua walijikuta wanacheka kisha wakaona aibu. Mama Konadu akautoa mkono wake taratibu, akachukua uzi, akaanza kutunga shanga ingawa hakujua kutunga. Mteja mmoja akauliza bei ya zile za njano.

"Sitini," alisema Birago.

Simu ikalia. Aliitazama kidogo, kisha akaipokea.

"Birago, mpenzi, nisikilize. Kesho. Naapa, kesho nitasema."

"Usijisumbue, Nyarko."

"Watu walikuwa wamesimama mlangoni..."

"Kesho pia watasimama." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Nyarko. "Lakini umesema vizuri. Mbuzi wamezidi kweli."

Akakata.

Jumamosi hakuna aliyebisha hodi. Uchaguzi ulipofika Nyarko alishinda kwa kura nyingi, na Mjomba Twumasi akazifungua zile chupa mbili kushangilia. Bado hajaoa. Bado anapiga simu kila asubuhi, na sokoni Birago huitambua sauti yake kabla hajafika kwenye salamu. Hazimi redio, kwa kuwa si yake, ni ya jirani. Huinamisha kichwa tu na kuendelea na kazi mpaka amalize kusema.