Aliyeitika Jina la Kalekye

Asubuhi hiyo Pili alipofuta vumbi kwenye kiti cha mlalamishi, alikikuta kina joto, kama joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa, na ufunguo ulilala kwake Majengo, chini ya mto. Akafuta, akaenda kuchemsha chai.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati mjini Machakos. Hapo ndipo Titus Mbithi alisuluhisha ugomvi kati ya kampuni za bima na watu walioumia barabarani. Alikuwa mtu wa maneno wazi na hasira za karibu, na pande zote zilimkubali kwa sababu hakuna aliyewahi kumnunua. Alikuwa na mazoea yake. Akitoa amri, lazima ajitaje jina lote: "Mimi, Titus Mbithi, naamuru." Na mlalamishi asipotokea, Pili, karani wa Mbithi, husimama mlangoni, akaita jina mara tatu. Kusipokuwa na mwitiko, madai yamekufa, na hayafufuliwi.

Siku hiyo kesi ilikuwa ya Kalekye, msichana wa Masii. Pikapu iliyobeba maembe ilipinduka naye kwenye mteremko, nyonga ikavunjika. Kampuni ilisema alikuwa amekaa juu ya mzigo, kwa hivyo hakuwa abiria. Yeye alisema alikuwa mbele, kando ya dereva. Daktari alishasema: asipopasuliwa mapema, mguu utabaki hivyo hivyo maisha yake yote. Na nyumbani kwao hakukuwa na kitu cha kuuza. Ilikuwa bima au ulemavu, basi.

Na Kalekye hakufika. Walingoja mpaka jua likashuka nyuma ya vilima. Ulikuwa mwaka ule wa kiangazi na mgao wa stima, na ilipofika jioni taa zilizimwa mji mzima.

"Bwana Msuluhishi, tunangoja nani tena?" akauliza Lenny, wakili wa kampuni. "Hata kuku wameingia."

"Wewe una haraka gani? Kampuni yako inalala saa ngapi?"

"Kampuni hailali, mzee."

"Ndiyo maana haina haya."

Pili akasimama mlangoni, akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Koridoni kimya. Lenny akaanza kufunga mkoba wake.

"Muite tena," Mbithi akasema.

"Mzee, nimeshaita zote tatu."

"Msichana ako na mikongojo, na hizo ngazi unazijua. Muite tena."

Pili akarudi mpaka mezani, akateremsha sauti. Babu yake alikuja Machakos kutoka pwani, na nyumbani kwao kulikuwa na mambo ambayo watoto walikatazwa wakiwa bado wadogo. "Mzee, hii ni magharibi. Sisi hatuiti jina la mtu mlangoni wakati kama huu. Na kupitisha mara tatu ndiyo kabisa. Tumngoje tu, na midomo tufunge."

"Mimi, Titus Mbithi, naamuru jina liitwe. Sitamfukuza kilema kwa sababu ya giza."

Pili akaita.

"Niko."

Ilikuwa sauti ya msichana, ya karibu, na haikutoka koridoni. Ilitoka mle ndani, kwenye kiti cha mlalamishi, na nyuma yake ikafuata harufu ya petroli, kisha ya maembe yaliyooza.

Lenny akawasha tochi. Kiti kilikuwa kitupu, lakini mto wake ulikuwa umebonyea.

"Mimi sijasikia kitu," Lenny akasema polepole, na mkoba ukamponyoka mkononi.

"Mimi nimesikia," akajibu Mbithi. "Aliyeitwa ameitika. Madai hayafi. Tutaendelea siku nyingine." Na alifurahi, maskini. Alidhani ameokoa mtu.

Kesho yake mapema mama mmoja alipanda zile ngazi akimshika binti yake kiunoni. Alikuwa Mwelu, mamake Kalekye. Binti alikaa mahali alipowekwa, macho yakiwa kwenye ukuta.

"Basi letu liliharibika njiani, mzee," Mwelu akaeleza. "Tulifika jioni. Tulikuwa hapo chini ngazini, gizani, tukasikia akiitwa. Huyu akafungua mdomo aitike. Na kabla hajaitika, akaitikiwa huku juu. Kwa sauti yake." "Akakaa chini kama gunia. Tumelala kwa dadangu. Tangu jana nikimwita haitiki. Si eti hasikii. Ukimwambia kula, anakula. Lakini jina lake ni kama la mtu mwingine."

Mbithi akainama mbele ya msichana. "Kalekye."

Msichana akaangalia ukuta.

"Niko," kikasema kile kiti.

Mwelu hakupiga kelele. Alimvuta tu binti yake karibu, kama unavyomvuta mtoto gari likipita.

"Ni aimu?" Mbithi akamuuliza Pili kwa mnong'ono. "Roho za wazee wetu? Kama ni aimu tunajua la kufanya."

"Aimu wanakuja kwa watu wao, mzee. Huyu hana watu. Nitamleta mjomba."

Mjomba Ramadhan alikuja alasiri na chetezo na ubani, mtu mfupi anayekohoa, na alisoma dua mpaka koo likakauka. Moshi wa ubani ulijaa chumba chote, lakini ulipofika kwenye kile kiti uligawanyika, ukapita pembeni, kama maji yanavyopita jiwe.

"Jini anayevamia namtoa," akasema mwishowe, akijifuta jasho. "Huyu hakuvamia. Alikuwa amekaa hapa, sijui tangu lini, kwenye kiti kinachoachwa wazi kila wiki, anasikia watu wakiitwa majina na hawatokei. Mkamwita. Mkamwandika amefika. Sasa jina ni lake."

"Tunalirudisha vipi?" Mbithi akauliza.

"Liitwe tena mlangoni, magharibi kama jana, na mwenyewe awahi kuitika. Lakini nisikilize, bwana. Hapa ndani jina lingine lisitajwe. La mtu yeyote."

Wakangoja giza. Mwelu alishika mashavu ya binti yake, akamwambia kwa Kikamba, tena na tena, kwamba akisikia jina lolote aseme niko, lolote, hata la ng'ombe. Stima ikakatwa. Pili akasimama kizingitini, akaita, na midomo ya msichana ikafunguka, ikatafuta, ikapata nusu ya neno, na kiti kikasema lote. Pili akaita tena, na safari hii kiti hakikungoja jina liishe; na harufu ya petroli ikapanda mpaka macho yakawasha, na juu ya petroli ikaja ile ya maembe, tamu, nzito, ya kutia kichefuchefu, na kitu kikaanza kudondoka kutoka kitini hadi sakafuni, tone, tone, na hakuna aliyethubutu kuwasha tochi aone ni nini. Akaita mara ya tatu, na midomo ya msichana haikufunguka kabisa, na kile kitu kikaitika kikicheka, kikaitika tena bila kuitwa, niko, niko, niko, kwa ile sauti ya mtoto wa watu, huku Mwelu akilia kimya kimya gizani na Ramadhan akisoma juu juu pasipo kuvuta pumzi, na Mbithi, aliyekuwa amekaa pale akiona kazi ya mikono yake mwenyewe na hana la kufanya, akahisi ile hasira yake ya karibu ikimpanda, akagonga meza, akasema kama alivyozoea kusema maisha yake yote:

"Ondoka kwa huyu mtoto. Mimi, Titus Mbithi, naamuru."

Mkono wa Ramadhan ulifika mdomoni mwa Mbithi, umechelewa.

Kile kicheko kikakatika. Harufu ikaisha, kama imefungiwa mlango. Mwelu, kwa sauti ndogo sana, akajaribu: "Kalekye?"

"Niko hapa, mwaitu," akasema msichana, akimgeukia mama yake. "Mbona kuna giza?"

Mwelu alimkumbatia akicheka na kulia. Pili alitaka kucheka naye, ila alimwona mjomba wake anakusanya makaa haraka haraka, hataki kumtazama Mbithi.

"Imeisha, mjomba?"

"Twende nyumbani."

Usiku huo Nduku, mke wa Mbithi, alimwita mumewe kwa jina kutoka jikoni. Mbithi alikuwa mlangoni, anavua viatu. Akafungua mdomo. Sauti yake ikaitika sebuleni, kwenye kiti kitupu, ikauliza chakula ni nini. Nduku akajibu ni isyo, ile ya mahindi na maharagwe, akaendelea kupakua, hakugeuka. Mbithi akabaki pale na kiatu kimoja mkononi.

Siku ya uamuzi Kalekye alifika mapema kuliko watu wote. Alikuwa amevaa rinda la kanisani, mikongojo ameilaza miguuni. Alishatoa ushahidi wake siku ambayo hakuna aliyemtaja Mbithi kwa jina, na ulikuwa wazi: dereva mwenyewe alikubali kwamba walikaa pamoja mbele. Uamuzi ulikuwa kichwani mwa Mbithi, umekamilika. Msichana alipwe, apasuliwe, atembee. Kilichobaki ni kuusema.

Nyuma ya Mbithi, kando ya dirisha, kulikuwa na kiti cha ziada ambacho hakuna aliyekumbuka kukiweka hapo.

Lenny akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Tuko tayari kusikia uamuzi wa Bwana Titus Mbithi."

Mbithi akafungua mdomo. Pili, aliyesimama mlangoni, aliona shingo yake ikikaza, mishipa ikisimama, midomo ikitafuta neno. Kisha sauti yake, ile ile, nzito, ya mtu asiyenunulika, ikatoka kando ya dirisha.

"Niko tayari. Mlalamishi ameitwa. Hakufika. Madai yamekufa."

Kalamu ya Lenny ilikimbia. Hakuinua macho, si kwa Mbithi, si kwa dirisha. Harufu ya petroli na maembe ilikuwa imeanza kupenya, na mtu anayetaka kushinda anaweza kujifanya hana pua.

"Mzee," Mwelu akasema kwa upole, akidhani msuluhishi amekosea. "Si tuko hapa? Huyu hapa Kalekye."

"Niko," akasema Kalekye. Akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi niko hapa."

Mbithi alimtazama. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, na mdomo wake ulikuwa wazi, na hakikutoka kitu.

Nje koridoni benchi lilikuwa limejaa: mwenye bendeji kichwani, mjane, mzee wa Kangundo na mwanawe asiye na mkono, kila mmoja anangoja jina lake.

"Pili," ikasema ile sauti ya kando ya dirisha. "Muite mwingine."