Mlango wa Mwisho wa Hollenrode

Kazija ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na haya alimsimulia mama yangu mwenyewe, kwa sauti ya chini, siku ambayo hakuna aliyemuuliza. Nayaleta kama yalivyo. Asiyetaka kuamini na asiamini, sitamshika shati.

Ilikuwa mwaka tisini na nane. Waswahili wa Guangzhou, kule China, walikuwa bado wachache, wote wanajuana kwa majina na kwa vituko. Kazija alipanga chumba Sanyuanli pamoja na Najat, mfanyabiashara mwenzake wa Kariakoo, mwanamke mpole ambaye Mungu hakumjaalia mtoto. Asubuhi ile walikunywa chai, wakala mikate ya mvuke iliyouzwa pale chini, wakaachana njiani. Najat alikwenda soko la Shisanhang kutafuta nguo. Kazija alikwenda kwenye karakana moja ya Liwan iliyotengeneza mapambo ya nyumbani.

Niwaambie mapema: Kazija ni mtu wa kushuku. Ukimkaribisha chai huinusa kwanza.

Karakanani alimkuta mzee wa Kijerumani aitwaye Volkmar, na mzee huyo, jamani, akamwamkia kwa Kiswahili. Ujanani alikuja Unguja na wenzake kujenga yale majumba ya Kikwajuni, na lugha hakuitupa. Mezani mbele yake palikuwa na kijiji kizima cha mbao alichokichonga kwa mkono wake. Kulikuwa na njia moja nyembamba, kanisa, kisima, na nyumba za mapaa marefu zenye mbao zinazoonekana ukutani kwa nje. Juu ya kila mlango palichongwa jina. Alikileta ili kitengenezewe kalibu, kimiminwe kwa plastiki, kiuzwe, na Kazija akakipenda, akakubali kuagiza mzigo wa kwanza.

"Kinaitwa Hollenrode," alisema. "Nilizaliwa hapo. Kilikuwa karibu mno na mpaka wa zile Ujerumani mbili, serikali ikakibomoa. Sasa kipo hapa tu."

"Watu wake walikuwaje?"

"Wabahili wa maneno. Jumamosi kila mtu anafagia mbele ya mlango wake. Mgeni anapewa supu, haulizwi habari. Kitu kimoja tu hawakukivumilia: nyumba tupu." Akagusa nyumba ya mwisho, iliyo pembezoni, ambayo juu ya mlango haikuwa na jina. "Hii iache hivi hivi, Bi Kazija. Usiongeze kitu."

Kazija alitabasamu, lakini moyoni alisema: huyu ana mteja mwingine, anamwekea nafasi.

Sasa, watu wetu wa kontena wana desturi yao. Kontena moja huchangiwa na wengi, kwa hiyo kila mtu ana marka yake anayoiandika kwenye maboksi, na wengi huandika jina la mtoto kwa kutafuta baraka. Marka ya Kazija ilikuwa SWALHA, binti yake wa pekee, aliyemwacha Unguja kwa bibi yake. Mzee Volkmar alipotoka, Kazija alimwita laoban, yaani mwenye karakana, akamwonyesha kile kizingiti kitupu. Aliwaza kwamba jina likiwemo ndani ya kalibu yenyewe, hakuna mjanja atakayemwibia biashara. Laoban akachukua patasi ndogo. Akachonga SWALHA.

Haikupita wiki, Kazija akapiga simu nyumbani. Alipokea Bi Sihaba, mama yake mzazi.

"Mwanao haamki," alisema Bi Sihaba. "Hospitali hawaoni kitu. Miguu yake baridi kama maji ya mtungi."

"Kaanguka?"

"Hakuanguka. Alikuwa akicheza uani, akasimama, akasema anaitwa. Tangu hapo kalala. Na anatetemeka, Kazija. Na jua lote hili."

Kazija alirudi chumbani. Na mtu wa kushuku akiingiwa na hofu hatafuti mbali, humtazama aliye karibu. Akaanza kukumbuka. Kwa nini Najat alipenda mno kuuliza habari za Swalha? Kwa nini aliomba picha yake? Kwa nini tangu habari zile zifike alikuwa akijifungia jikoni akinong'ona peke yake?

Mchana mmoja alimnyemelea. Najat alikuwa ameketi sakafuni, kajifunika. Mbele yake palikuwa na sahani nyeupe, na juu ya sahani maandishi mekundu ya zafarani yaliyozunguka kama konokono. Katikati kabisa paliandikwa jina la Swalha. Picha ya mtoto ililala pembeni.

Kazija alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli. Alikuwa na hakika sasa. Tasa huyu anamla mwanangu.

Miguu ilimpeleka karakanani bila yeye kuiamuru. Alimkuta laoban kasimama mlangoni, hataki kuingia ndani kwake mwenyewe. Alitikisa mkono. "Bu yao, bu yao," alirudia, sitaki, sitaki, na kumwonyesha meza.

Kazija akainama. Nyumba zote zilikuwa mbao tupu, kama siku ile. Ile ya mwisho haikuwa tupu. Dirisha lake lilikuwa na mwanga. Mwanga mdogo, wa manjano. Ukitetemeka.

Akasogeza sikio. Alisikia mtoto akikohoa.

"Nilikwambia usiongeze kitu."

Mzee Volkmar alikuwa ameketi kwenye kona, kofia mapajani. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kuchoka.

"Zamani vita vilipita kijijini kwetu," alisema polepole, "kisha maradhi. Walibaki wachache na nyumba nyingi. Wakaona nyumba tupu zinawatoa watu usingizini, zinajigongea milango zenyewe. Basi wakaanza kuchonga majina ya watu wa mbali. Mchuuzi aliyepita. Binti waliyemwona sokoni. Na wale watu wakaja. Peke yao, bila mizigo, bila viatu. Wakaingia, wakawasha moto. Hivyo ndivyo Hollenrode ilivyojaa. Bibi yangu mzaa baba alikuja hivyo. Hakujua kwao ni wapi."

"Lifute," alinong'ona Kazija. "Lifute jina la mwanangu."

"Ukilifuta ikabaki tupu, itamshikilia. Ukiivunja, naye ndani anavunjika. Inataka mtu. Jina kwa jina."

"Andika lako."

"Langu lipo mlango wa pili. Mtu hana milango miwili." Akamtazama. "Lako halipo."

Hapo ndipo, wasomaji wangu, na mimi naogopa kusema ningefanya nini. Kazija angeweza kuandika lake. Alikiri mbele ya mama yangu kwamba aliliwaza, akaliona limeshafika ulimini. Kisha akaiona ile sahani. Akamwona Najat amejifunika, ananong'ona. Kwa nini afe mama, mchawi abaki?

Alichukua kalamu akaandika kiganjani, akamwonyesha laoban.

Laoban alikataa. Kazija alimsihi, akamshika mkono, akalia. Mwisho yule mtu akaingia, uso kando, akaparua jina la zamani na kuchonga jipya. N. A. J. A. Mzee Volkmar alifumba macho. Herufi ya mwisho ilipokamilika, mwanga dirishani ulizimika. Kimya. Kisha mlango ule, ambao haukuwa mlango bali mchongo tu wa kipande kimoja na ukuta, ulifunguka kidogo. Ukajifunga.

Kazija alikimbia hadi kwenye duka la simu. Bi Sihaba alipokea akilia, lakini kilio kingine. "Kaamka. Sasa hivi. Anataka uji."

Alimshukuru Mungu pale pale, mbele za watu. Njia nzima ya kurudi Sanyuanli alikuwa akishukuru.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Aligonga. Aliita. Mwenye nyumba akaja akalivunja. Jikoni birika lilikuwa likichemka. Kitunguu kimekatwa nusu, kisu kando yake. Viatu vya Najat vilikuwa mlangoni, pasipoti yake kwenye mkoba, na Najat hayupo. Nje watu walikuwa wakitoka jasho, ndani humo vioo vilikuwa na ukungu, na pumzi ya Kazija ilitoka kama moshi.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Mzee Volkmar naye alishachukua kijiji chake, na laoban hakutaka kusikia habari zake tena.

Siku ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege wa Baiyun, Kazija alikutana na Ameir, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuwa na safari ileile. Ameir alimsogelea kwa heshima, na chupa mkononi.

"Dada Kazija, habari za mtoto? Najat alinipa hii kabla hajapotea, nimpelekee. Kombe. Alikuwa akiandika aya kwa zafarani kila siku na kuziosha kwa maji, mtoto anywe apone, ananiambia mtoto wa rafiki yangu ndiye mtoto wangu."

Kazija aliipokea chupa. Ndani maji yalikuwa mekundu kwa zafarani. Alisema asante, akaipakata mpaka ndege ikatua.

Swalha alimkimbilia mlangoni, mzima, kanenepa. Usiku na mchana mama alimkumbatia. Ilikuwa baada ya siku kadhaa, akimsuka nywele barazani, mtoto aliposema mwenyewe.

"Mama, kule kulikuwa na baridi."

Mikono ya Kazija ikasimama. "Kule wapi?"

"Kwenye nyumba. Nilikuwa sina nguo ya kujifunika. Halafu akaja mwanamke, hana viatu. Kaniuliza mie mtoto wa nani, nikamwambia wa Kazija. Kavua mtandio wake kanifunika, kanambia nenda, mama yako anakungoja. Yeye kabaki."

Bi Sihaba alikuwa akisikiliza kutoka ndani. Alikuja na mtandio mkononi. "Tulimkuta nao siku alipoamka," alisema. "Kitanda kizima kimerowa. Tukadhani ni wa jirani, lakini jirani wote wameukana."

Kazija aliutambua kabla haujakunjuliwa. Alikuwepo Najat alipouchagua, na ni yeye aliyemwambia rangi ile inampendeza.

Miaka imepita. Swalha kaolewa, ana watoto. Mtandio ule upo, na asubuhi Kazija huuanika uani, kwenye jua kali, na jioni huutoa ukiwa unachuruzika maji ya baridi kama ulivyotundikwa. Mama yangu aliwahi kumuuliza kwa nini hautupi. Alisema hawezi, ni wa rafiki yake, na anataka ukauke kwanza ndipo amrudishie.