Udongo Bei Yake, Nyumba Bei Yake

Fidèle alirudi kutoka kazini Ingleburn, akavua buti mlangoni, akapita moja kwa moja jikoni. Akachukua boksi. Akaanza kutia sahani.

Mkewe, Honorine, alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Papa Gloire, unafanya nini na sahani zangu?"

"Tunahama."

"Tunahama wapi?"

"Sijui bado. Kwanza tutoke."

Honorine akacheka. Halafu akaona uso wa mumewe, akaacha kucheka.

Nyumba hiyo, hapa ugenini Mount Druitt, ni yao. Waliinunua kwa mkopo wa benki miaka saba iliyopita, baada ya kupanga na kuhamishwa, kupanga na kuhamishwa. Si nyumba ya kifahari. Bomba la bafuni linalia kama paka. Lakini ni yao, na binti yao Gloire amekulia humo.

Wiki ile ilifika karatasi ya serikali ya jimbo. Ilisema kiwanja chao kimethaminiwa. Kuna jina la Fidèle, kuna anwani, kuna bei: dola elfu mia sita. Fidèle aliisoma, akaisoma tena. Kila mara aliona kitu kilekile.

"Serikali inataka nyumba," alisema. "Kwetu Kivu ilikuwa vilevile. Walikuja watu na futi, wakapima kiwanja cha papa, wakaandika bei. Baadaye kidogo, katapila! Barabara ikapita pale tulikuwa tunalala."

"Hapa si Kivu."

"Serikali ni serikali! Mtu akikuuliza bei ya kuku sokoni, anataka nini? Anataka kuku!"

Honorine akaichukua karatasi, akaiangalia. Kusema kweli, hata yeye alichanganyikiwa. Kama hawataki nyumba, bei ni ya nini?

"Mimi nimeshapata mnunuzi," Fidèle akaendelea. "Ronnie."

Ronnie wanamjua wote. Ananunua nyumba na kuziuza tena. Anazunguka mtaani na gari jeupe, anachekacheka na kila mtu. Fidèle alikuwa amemwonyesha ile karatasi. Ronnie akaisoma, akampiga begani. "Serikali yako inasema mia sita, rafiki. Mimi nakupa mia sita na hamsini. Kesho Jumamosi naleta mkataba."

Fidèle aliona amepata mwokozi. Achukue ile hamsini ya juu, amalizane na benki, atoroke kabla katapila haijaja.

"Umesaini?" Honorine aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Kesho."

Honorine hakubishana. Alimpigia simu jirani wa ng'ambo ya barabara.

Jirani huyo ni Jepchumba, Mkenya. Anafanya kazi kwenye ofisi ya wanasheria wa kuuza na kununua nyumba. Alikuja na kandambili, taulo bado kichwani.

"Papa Gloire! Unahama kimyakimya, na ngazi yangu iko kwako?"

"Ngazi utapata. Miye wananifukuza, weye unafikiri ngazi."

Jepchumba akaichukua karatasi, akaisoma.

"Nani anakufukuza? Hii hata mimi nimepata. Mtaa mzima umepata."

"Mtaa mzima!" Fidèle akashika kichwa. "Basi ni barabara kubwa sana."

Jepchumba alicheka mpaka taulo likaanguka.

"Hakuna barabara. Sikiza. Kaunsili, serikali ya mji, inazoa taka, inatengeneza njia, inafyeka nyasi. Pesa inatoka wapi?"

"Kwa ile kodi tunalipa kaunsili."

"Na watajuaje nani alipe ngapi? Kuna mthamini mkuu wa jimbo. Anaweka thamani kwa kila kiwanja, halafu kaunsili inaitumia kugawa kodi. Hii si bei ya kukununua. Ni kipimo cha kugawia kodi."

"Yesu!" Honorine akaruka. "Kodi ni elfu mia sita?"

"Woi, mama! Hapana. Kodi ni ndogo sana, inakuja na bili yake. Hii si bili. Hapa hulipi chochote."

Fidèle akainama juu ya karatasi. "Ngoja. Nyumba ni mia sita ao si mia sita?"

"Nyumba haimo."

"Haimo wapi?"

"Kwa hiyo hesabu. Ona hapa wameandika land value. Ni thamani ya ardhi tupu. Wanahesabu kama hakuna kitu kimejengwa. Toa kuta, toa paa, toa jiko. Udongo unaobaki, na mahali ulipo, ndiyo hiyo mia sita."

Fidèle alitazama sakafu kama mtu anayetafuta udongo chini ya vigae.

"Na hii nyumba juu yake?"

"Hiyo Ronnie anataka umpe karibu bure. Ile ya kona, ndogo kuliko hii, imeuzwa mwezi uliopita zaidi ya mia tisa."

"Mia tisa! Yule mbwa!"

"Usimtukane," Honorine alisema. "Ulikuwa unamfungashia mpaka sahani zangu."

Fidèle alikaa chini. Lakini hofu haikuisha yote.

"Kazini wanasema kuna kodi nyingine, ya ardhi. Ya jimbo."

"Iko. Lakini nyumba unayoishi mwenyewe kwa kawaida haihesabiwi. Wenye viwanja vingine zaidi ndio wanailipa."

"Na kama huyo mthamini amekosea?"

"Una haki ya kupinga. Siku sitini kutoka tarehe ya karatasi, na hulipii. Lakini usiandike 'sina pesa.' Andika kasoro ya ardhi yenyewe. Na bili ya kaunsili endelea kulipa ukingoja jibu."

Fidèle akafikiri. "Kule nyuma kuna bomba kubwa la maji ya mvua chini ya ardhi. Kaunsili ilinikataza kujenga juu yake. Mthamini anajua?"

Jepchumba akamtazama. "Hiyo sasa ni sababu. Ikikubaliwa, hata bili inaweza kupungua kidogo."

Jumamosi Ronnie akaja na kalamu mkononi. Fidèle hakumfungulia mlango wa nyavu.

"Bei yako ni ya udongo ao ya nyumba?"

"Rafiki, si tulikubaliana?"

"Bei ya udongo umeniambia. Ya nyumba bado."

Ronnie akaongeza hamsini. Fidèle akatikisa kichwa. Ronnie akaongeza mia nzima, amesimama palepale kwenye ngazi ya mlango. Fidèle alishangaa kweli. Jana ile bei ilikuwa zawadi. Leo inaumuka kama mkate.

"Nenda, Ronnie."

Jioni hiyo Fidèle na Honorine walikaa mbele ya kompyuta, wakaandika pingamizi lao, wakaweka na ramani ya bomba.

Miezi ikapita. Jibu likaja. Fidèle alikuwa wa kwanza kulifungua, akapiga kelele mpaka nje.

"Mama Gloire! Tumekwisha! Wameshusha mpaka mia tano na sabini!"

Honorine akatoka na sabuni mikononi. "Wameshusha nini?"

"Bei ya..." Fidèle akasita. Akasoma upya, polepole. "Ya udongo."

"Na nyumba?"

Fidèle akaupiga ukuta kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

"Iko."