Kipimo cha Kisima na Jina la Marehemu

Bi Mazoon, jirani yetu hapa Samad, anaapa kwamba baba aliingia nyumbani baada ya kuzikwa.

"Wallahi nilikuwa nachambua mchele," anasema. "Simu ikalia. Natazama, imeandikwa: Thuwaini ameingia. Mchele wote chini! Nikamwambia mume wangu, we Marzouq, huyu si tumemzika juzi?"

Simu haikusema uongo. Chumbani kwa baba kuna kompyuta ndogo ya Linux. Waya unatoka kisimani, unaingia kwenye kompyuta, nayo inaonyesha maji yaliyobaki. Mtu akiifungua, jina lake linakwenda kwenye simu zetu na simu ya Bi Mazoon, kwa kuwa kisima ni chetu sote. Siku ile aliyeifungua ni mama. Alitumia jina la baba na neno lake la siri. Hakujua jingine.

Baada ya hapo hakutaka tena.

"Simwiti mume wangu kila alasiri kama mtumishi," alisema. "Shukriya, baba yako alikuwekea jina lako. Ingia wewe."

Nikaingia. Kompyuta ikafunguka vizuri. Nilipotaka kusoma kipimo, ikaandika: Permission denied.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Sina ruhusa."

Nikajaribu tena. Ikakataa. Kiti cha baba kilikuwa pembeni, mto wake bado umebonyea.

"Ni yeye," mama akanong'ona. "Anakukataza."

Bila kipimo hatuthubutu kuwasha pampu. Maji yakiwa chini, pampu inaungua. Na jua halikungoja. Tende changa zilianza kudondoka shambani.

Bi Mazoon akaleta ubani, tukafukiza chumba kizima. Kompyuta ikakataa vilevile, ila sasa inanukia.

Mama yumo kwenye eda, miezi ya mjane kukaa ndani. Hakutaka fundi mwanamume aingie ndani. Basi tukamwita Taghreed, binti wa dada yake, anayetunza kompyuta za ofisi moja mjini Ibra.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama, kuna nani humo?"

"Hamna mtu. Kuna mlango."

Akanikalisha mimi mbele ya vitufe. "Kila kifaa kilichochomekwa kina faili lake. Waya wa kisima faili lake ni hili. Andika."

Nikaandika: ls -l /dev/ttyUSB0

"Unaona? Mwenyewe ni root, mkubwa wa kompyuta. Kundi ni dialout. Walio nje ya hao hawana ruhusa. Sasa andika groups."

Yakatokea makundi yangu. Dialout haikuwemo.

"Baba yako yumo, wewe humo. Alisahau kukutia. Khalas, ni hilo tu."

"Si ulifungulie kila mtu tu!" akasema Bi Mazoon.

"Naweza, kwa amri ya chmod. Lakini ukichomoa waya na kuuchomeka tena, faili linazaliwa upya, ruhusa zinarudi zilivyokuwa. Na mgeni yeyote angeweza kuligusa. Wala usifanye kila kazi kwa sudo, hizo ni nguvu za mkubwa. Ukikosea, unaharibu vyote. Mtu anatiwa kundini."

"Anamtia nani?" nikauliza.

"Mwenye sudo. Humu yuko mmoja tu."

Tukageukia kiti cha baba. Mama akasogea, akaandika jina la baba, kisha neno la siri, kwa kidole kimoja. Simu ya Bi Mazoon ikalia mkononi mwake. Hakuitazama.

Taghreed akaandika: sudo usermod -aG dialout shukriya

"Hiyo a usiisahau. Bila yake utatolewa kwenye makundi mengine. Sasa tutoke, uingie upya kwa jina lako. Ruhusa mpya inaanza ukiingia upya."

Nikaingia. Kipimo kikasomeka: maji yapo, tele. Nikawasha pampu. Tukayasikia yakipiga mfereji. Bi Mazoon akapiga kigelegele, akakumbuka msiba, akaziba mdomo kwa shela.

"Limebaki moja," akasema Taghreed. "Akaunti ya marehemu haiachwi wazi, mwingine asije akaingia nayo. Nimpe Shukriya sudo, kisha niifunge ya baba."

Mama alikuwa mlangoni.

"Iache mpaka nitoke eda," akasema. "Wanangu, iacheni."

Vidole vya Taghreed vilisimama juu ya vitufe. Akanitazama mimi, niamue.